Konji ya Mujomba Petelo

Albertville, mwezi wa saba, 1965

Mujomba,

Ni mimi Madalena, binti wa dada yako, yule uliyemchukua akiwa na miaka sita ukamlea kama wako. Najua huhitaji kuambiwa mimi ni nani. Lakini ndivyo nilivyozoea kuanza barua, na nisipoanza hivyo nitaiweka kalamu chini kama nilivyofanya juzi na jana.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Sisi tuko hai. Mume wangu Leona amerudishwa kazini bandarini, ingawa kreni inayofanya kazi ni moja tu. Watoto, Tereza na Monika, wamemaliza mwaka wa shule. Tuliporudi baada ya vita, nyumba tuliikuta haina mlango hata mmoja. Walichukua cherehani yangu, walichukua kitanda chako, walichukua hata masufuria yaliyotoboka. Jirani yetu Papa Anzeleni alitutengenezea mlango kwa mbao za masanduku ya sabuni, na ukiwa ndani unasoma jina la sabuni kichwa chini. Watu wa mtaa wetu walioondoka wasirudi, siwezi kukuandikia wote. Wengine tunajua walipozikwa. Wengine hatujui, na mama zao bado wanasonga bukari ya kuwatosha nao.

Ziwa liko vilevile. Hilo linaniudhi, Mujomba. Linang'aa kama halikuona kitu.

Nataka kukuandikia juu ya ile konji. Padri nilimwambia mengi kwenye kitubio, lakini hiyo sikumwambia.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka mwaka jana. Ulikuwa umekaa mlangoni kwenye kiti chako, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Ulikuwa hivyo tangu siku ile upande wako mzima ulipokufa ghafla pale atelie, karakana ya meli, nyundo ikiwa mkononi. Miaka miwili ulikuwa unatazama ukuta wa jirani. Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Ukasema, bila kugeuza kichwa: "Madalena, niko nataka kwenda konji."

Nilicheka. Nisamehe, nilicheka. Mapumziko ya kupanda boti na kwenda kukaa bure mahali pazuri yalikuwa mambo ya Wazungu. Sisi tulikuwa tunasafiri kwa matanga na kwa ndoa. Ndipo uliponieleza jambo ambalo hukuwahi kunieleza. Kwamba miaka yote ile, kila Jumamosi, wewe ndiye uliyekuwa unasafisha mashine ya boti la bosi wako, unalisukuma majini, nao wanaondoka na vikapu vyao kwenda kisiwa cha Kavala. Jumapili jioni uko ufukweni unangoja kushika kamba, wanarudi nyuso nyekundu, wamechoka kwa raha.

"Hata imbwa yao iliona kile kisiwa," ulisema. "Mimi sijakiona. Uhuru tulipata, huu mwaka wa ine. Basi na mimi nipate konji."

Siku ile ile nilimwandikia katekista wa Kavala. Barua ya majibu ilikuja na wavuvi. Nyumba ya Wazungu bado imesimama, aliandika, ina vitanda vitatu visivyo na magodoro na mbalaza inayoona maji pande mbili. Choo kiko nyuma, mahali tambarare. Samaki wa mikebuka ni tele, mtachoka kula. Kutoka ufukweni mpaka nyumbani kuna ngazi za mawe kumi na moja, hazina pa kushikia, lakini msihangaike, vijana watamubeba muzee.

Nilikusomea kwa sauti. Nilipofika kwenye neno "watamubeba" ulinyoosha mkono ukaichukua karatasi, ukaikunja, ukaniwekea mapajani. Kisha ukafungua shati na kunionyesha bega la kuume, lile fundo la nyama gumu kama goti. Nilikuwa nikiliona tangu utoto, nikidhani ulizaliwa nalo. Ulikuwa kijana, hata ndevu hujaota, walipokuchukua kubeba kipoi, kile kiti cha miti miwili, na juu yake Mzungu wa kodi, kutoka Kiambi kufuata mto Luvua, siku baada ya siku. Mwenzako wa mbele aliteguka mguu mkapigwa wote.

"Mimi nilibeba," ulisema. "Sitabebwa."

Ndiyo maana Leona alijenga ngazi uani. Unakumbuka jinsi alivyofyatua yale matofali ya udongo jioni akitoka bandarini, akayapanga kuegemea ukuta wa jiko, ngazi kumi na moja kamili. Kila asubuhi kabla sijaenda kufundisha ushonaji shuleni ulikuwa unapanda, mkono wa kuume ukutani, mguu wa kushoto ukiuburuta nyuma yako. Siku ya kwanza ulipanda moja ukakaa kitako. Majirani walikuja kutazama, Papa Anzeleni akahesabu pamoja nawe kwa sauti kama refa. Nilikushonea kaputula ya kaki maana ulisema kwenye konji watu wanavaa kaputula. Ukataka kuivaa na kanisani. Nilikatalia mbali, na Tereza alicheka mpaka akalia.

Sijawahi kukuona vile. Ulikuwa unakula. Ulikuwa unauliza ni siku ngapi.

Kufika katikati ya mwezi wa tano ulikuwa unapanda ngazi saba. Ndipo akaja Bwana Selemani, mwenye boti la mashine linalopeleka chumvi na sabuni vijiji vya kaskazini. Alisema Alhamisi anaondoka, atatushusha Kavala na kutuchukua baada ya siku nane. Nafasi ipo. Upepo wa kiangazi bado haujawa mkali. Mwezi ujao haahidi kitu, kwa upepo na kwa habari zinazosikika barabarani.

Mimi nikasema hapana.

Nilikuwa na sababu, na zote nilizitaja mbele yenu. Shule haijafungwa. Magodoro hayajashonwa. Na ngazi ni kumi na moja, wewe umefika saba. Ukaniambia: "Saba inatosha. Ine za kubakia nitapanda na matako." Leona alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekuona ukianguka wiki ile, asubuhi moja tulipokuwa wawili tu, ukaniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Lakini kila nilipofumba macho nilikuona unaanguka kwenye mawe ya Kavala, mbali na daktari, na mimi ndiye niliyekupeleka. Nikasema utangoja mpaka shule ifungwe, na neno langu likawa la mwisho kwa sababu wewe huwezi kwenda popote bila mimi. Ulinitazama kidogo.

"Ndiyo, Mama," ulisema.

Alhamisi tulisikia ile mashine ikitoka bandarini. Ulikuwa kwenye ngazi ya pili. Ulishuka, ukarudi kwenye kiti, na siku ile hukupanda tena.

Hazikupita wiki mbili, risasi zikaanza.

Mengine unayajua, ulikuwepo. Lakini naandika, kwa sababu hatukuwahi kuyazungumza. Asubuhi waliposema wapiganaji waasi wako upande wa stasyo ya treni, watu wote wa mtaa walianza kupanda vilima, magodoro kichwani, kuku mikononi. Leona na Papa Anzeleni waling'oa miti miwili ya ua wakaifunga kwenye kiti chako. Ulipoelewa wanafanya nini ulishika mwimo wa mlango kwa mkono wako mzima.

"Mwende," ulisema. "Muniachie maji na bukari ya jana."

Leona alikubembeleza. Papa Anzeleni alikubembeleza. Mimi nilivuta vidole vyako kimoja kimoja, na kila nilipofungua kimoja kingine kilifunga. Mkono ule ulipiga nyundo maisha yako yote, ningeuweza wapi? Monika alikuwa analia. Risasi zilikuwa zimevuka mto Kalemie. Ndipo nilipopiga kelele, mbele ya watoto wangu na mbele ya jirani:

"Wewe njo muzigo yetu! Na muzigo haiseme, inabebwa!"

Uliachia mlango.

Tulikwenda siku mbili. Saa nyingi hukusema kitu. Kwenye kilima cha kwanza kiti kilikuwa kinayumba vibaya, Leona anateleza, Papa Anzeleni anatukana kwa Kiholoholo. Ndipo tukasikia sauti yako kutoka juu, ya mtu anayefundisha kazi: "Musikanyage pamoja. Mumoja aanze kuume, mwingine kushoto. Hivyo njo haitachezacheza." Walifanya hivyo na kiti kikatulia. Nilitembea nyuma yako, nikitazama kisogo chako. Nilitaka kusema neno, Mujomba. Nilikuwa na siku mbili nzima za kulisema.

Jioni ya pili tulifika kwenye shamba la muhogo la mjane mmoja, Mama Kolotilda, ambaye hatukumjua na hakutuuliza kitu. Alitupa kibanda chake cha kulindia shamba dhidi ya nguruwe-mwitu, yeye akalala kwa shemeji yake. Baridi ya kule vilimani wakati wa kiangazi inaingia mpaka kwenye meno. Kifua chako kilianza kulia. Siku ya tatu hatukukutoa kibandani. Nilikwenda mtoni na watoto, nikarudi, nikakukandakanda kwa maji ya moto, nikakufunika vitenge karibu vyote tulivyokuwa navyo.

Kabla jua halijazama ulimwita Leona. "Leta bega," ulimwambia. Alidhani unataka kuinuka, akainama. Ulimvua shati mwenyewe kwa ule mkono mmoja. Ngozi ilikuwa imetoka yote, pamebaki pekundu, inzi wanatua. Uligusa pembeni ya kidonda, polepole, ukizunguka. Halafu mume wa mupwa wako, mwanaume mzima anayepakua magunia bandarini, alilia kama mtoto, na wewe ukaendelea tu kugusa.

Asubuhi nilikuletea uji. Ulikuwa umelala ubavu, uso ukutani.

Hapakuwa na padri. Hapakuwa na mbao za sanduku. Tulikufunga kwenye mkeka wa Mama Kolotilda, na jembe lilikuwa lake pia. Papa Anzeleni alisoma Baba Yetu akakosea katikati, tukaanza upya. Sikuweza hata kukuimbia, maana mlio wa risasi ulikuwa unasikika na watu walituomba tunyamaze. Ulizikwa kimyakimya, wewe uliyekuwa na sauti ya kusikika kutoka atelie mpaka sokoni.

Zile ngazi uani hazipo. Matofali mabichi, mvua ya mwaka huu iliyala, pamebaki kichuguu ambapo kuku wanaparua. Bwana Selemani amekuja mara mbili. Anasema anaweza kutupeleka Kavala bure, mimi na Leona na watoto. Nilimshukuru. Siendi.

Wiki iliyopita nilipata ruhusa ya kupita kizuizi cha askari nikarudi kule vilimani, peke yangu, na jembe langu. Niliogopa nitakuta kaburi limelimwa. Mama Kolotilda amepanda muhogo wake pande zote, lakini kwako ameacha, na amezungushia mawe. Tulipalilia pamoja. Tulipokaa kula muhogo wa kuchoma, akaniambia kuna neno uliwahi kumuuliza, ile siku ya tatu, nilipokwenda mtoni na watoto.

Ulimuuliza: "Mama, uliona vile walifika na mimi. Niko muzito?"

Yeye akakujibu: "Hapana, Papa. Uko mwepesi kama mutoto."

Anasema ulicheka mpaka ukakohoa. Ukamwambia: "Unaniongopea. Nilibeba watu, najua. Muntu muzima njo muzito."

Alinisimulia akitabasamu, kama zawadi. Hakujua alichonipa. Niliuweka ule muhogo chini. Maana nilielewa kwamba siku zile tatu ulilibeba neno langu, na hukuniuliza mimi. Ulimuuliza mgeni.

Basi nisikilize. Nitakuja kila kiangazi, kama njia iko wazi na hata kama haiko wazi vizuri. Nitaweka msalaba wa saruji wenye jina lako, Leona ameshapata saruji kidogo. Tereza na Monika wakiwa wakubwa nitawaambia nilichokuambia mlangoni, neno kwa neno. Walikisikia, na sitaki wadhani walikiota. Na nitawaambia kwamba Alhamisi ile boti lilikuwa na nafasi.

Lakini sitakuongopea kama yule mama mwema. Ulikuwa muzito, Mujomba. Leona mpaka leo hawezi kuinua mkono juu ya kichwa. Papa Anzeleni alianguka mara mbili na mara zote mbili hakukuachia. Jioni ile ya mwisho, ulipokuwa umelala, tulikuwa tumekwisha kupatana kwamba kukicha tutaendelea na safari, na kwamba Papa Anzeleni atapumzika, mimi nitashika miti ya nyuma. Nilikuwa nimekunja kitenge nikajifunga begani tayari kwa miti. Nililala nacho. Asubuhi nilipokuja na uji, kilikuwa bado kimefungwa.

Kwaheri, Mujomba wangu. Kaa vizuri kule kwenye mawe ya Mama Kolotilda.

Mupwa wako,
Madalena