Nani Alikupa Magunzi, Baba?

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, na Mama naye mzima, tunamshukuru Mungu. Mashaka ndiyo yamenijaa, na usinicheke, maana yote yanakuhusu wewe. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike, na tangu siku ile ile ya mazishi nimekuwa nakuchunguza. Najua si adabu kumchunguza marehemu. Lakini ndivyo ulivyonilea. Miaka kumi na tisa nimekaa nawe kwenye kibanda chetu cha kutengeneza mizani pale Kariakoo, unanifundisha kwamba mwenye duka haleti mizani ili ipone, analeta ili ifundishwe kusema anachotaka yeye. "Mama, mteja msikilize kwa sikio moja," ulikuwa unaniambia, "jingine litege kwenye springi." Basi nikawa mtu wa kushuku. Nilimshuku mume wangu kabla hajanioa na baada ya kunioa. Mtu akiniapia, mimi nahisi kuna gramu hamsini zimepungua mahali. Ni wewe tu, Baba, ambaye sikuwahi kukushuku.

Koti lako nilikuwa nalinusa kila jioni, ndiyo. Lakini kwa mapenzi.

Nataka tuongee kuhusu ile siku uliyorudi kutoka hospitali na karatasi ya daktari. Mapafu yamechoka, alisema, tumbaku basi, na kila siku utembee kidogo. Uliketi kwenye kigoda jikoni, ukatoa viko vyako vyote ndani ya kile kikapu, viko vya magunzi ya mahindi ulivyovichonga kwa mkono wako, ukaviweka kimoja kimoja kwenye jiko la mkaa. Viliwaka upesi. Nyumba nzima ikanukia mahindi ya kuchoma, Mama akapiga kigelegele kama vile umeoa tena. Ukanitazama ukasema, "Haki ya Mungu, Konsolata, nimeacha." Ukiniita Konsolata badala ya mama, huwa hutanii. Nililia kwa furaha siku ile, na wewe uliniona.

Nilijua nimekuomba kitu kikubwa. Usidhani sikujua. Nimekua nikikuona Jumapili baada ya kanisa, kisu kidogo mkononi, unatoa moyo wa gunzi taratibu, unatoboa ubavuni kwa msumari wa moto, unachomeka mwanzi mwembamba, halafu unazungushia maungio kwa waya wa shaba uliobaki kwenye mizani. Hakuna fundi mwingine aliyefunga waya vile, mizunguko saba imebanana bila hata nafasi ya kupenyeza ukucha. Ndani ulipaka asali. Na lazima liwe gunzi la mahindi yaliyokaukia shambani kwetu Songea. La mahindi ya kuchemsha ya hapa mjini ulisema ni la kuku. Yule mteja wako wa Posta alipokuletea kiko cha mti, cha kizungu, kizito, kinang'aa, ulikivuta siku mbili ukampa mtu. Ulisema kinaunguza ulimi, na kinataka kufutwafutwa kama gari la bosi. "Kiko cha gunzi hakina makuu. Chepesi, hata ukizungumza hakidondoki mdomoni. Pumzi tatu za kwanza ni mahindi matupu. Kikichoka unakitupa, unachonga kingine, hakuna msiba." Ulikuwa unacheka peke yako ukisema hivyo, moshi unatokea puani. Nilikuwa napenda uso wako wa saa ile kuliko nyuso zako nyingine zote, na bado nikakuomba uache, kwa sababu nilitaka uishi.

Sasa njoo kwenye mazishi yako.

Mtani wako Mzee Maganga alikuja, kama ulivyojua atakuja. Miaka yote wewe Mngoni ulimwita mpagazi, na yeye Mnyamwezi akakuita mateka wake aliyesahaulika Dar. Alilala mlangoni akazuia jeneza, akasema mateka haendi popote mpaka alipiwe fidia. Watu wakaanza kucheka wakiwa wanafuta machozi. Halafu akasimama, akainamisha bega la kushoto kama wewe, akakohoa kama wewe, mara tatu halafu moja ya kumalizia, akatoa mfukoni kiko cha gunzi akakitia mdomoni. Mama alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama maungio ya kile kiko. Waya wa shaba, mizunguko saba.

Viko vyako viliungua vyote mbele ya macho yangu, miaka miwili nyuma. Hicho kilitoka wapi?

Nilikaa msibani siku tatu napokea pole huku napiga hesabu za kipolisi. Nilikumbuka zile safari zako za kila mchana. "Naenda kunyoosha miguu mpaka Mnazi Mmoja, daktari kasema." Nami nikawa najisifu kwa majirani kwamba baba yangu anafuata masharti. Nilikumbuka kwamba ulikuwa unarudi unatafuna karafuu, eti jino. Jino gani, Baba, linauma miaka miwili na huliendei? Nilifungua kila droo kibandani, nikainua hata mawe ya mizani. Sikupata kitu, na kutopata kitu kukaniongezea mashaka. Nikampigia shangazi Songea. Nikamuuliza kama alikuwa anakutumia magunzi. Akasema, "Magunzi? Yale ya kuwashia moto, mama?" Nikamwambia, shangazi, sisi tunapikia gesi. Akasema mtandao unakatika. Mtandao haukukatika, mbuzi wake nilikuwa nawasikia vizuri kabisa! Mwishowe alikiri kwamba kila baada ya mavuno alikuwa anapakia furushi kwenye basi, ila jina la kupokelea halikuwa lako. Lilikuwa la Maganga.

Nikapata mtu wa kumchukia. Ilikuwa nafuu kubwa, nakuambia kweli. Nilisema huyu ndiye aliyekuletea magunzi na tumbaku ya kwao Tabora, huyu ndiye aliyeniulia baba kwa utani wake. Na baada ya kukuua akakuibia, akaja kutuchezea mbele ya jeneza. Kila nilipopita mbele ya stoo yake ya nafaka nilitazama upande wa pili wa barabara.

Siku ya arobaini yako, watu wamekula, ndugu wanataka kugawana nguo zako, Mzee Maganga akachukua kofia yako akaivaa, kama ilivyo haki yake. Mimi nikasimama. Nikamwambia mbele ya wote, "Mzee Maganga, wewe ni mwizi. Vitu vya baba ulivyovichukua virudishe leo." Baba, ungeniona. Kama ningesema nikicheka, angenijibu neno baya zaidi tukamaliza. Mtani unaweza kumwita mwizi, mchawi, mla panya, mradi mdomo wako unacheka. Mimi nilisema kwa macho makavu na sauti ya mahakamani. Jamvi zima likapoa. Mama akasema polepole, "Konsolata, umefanya nini?" Mzee Maganga alivua ile kofia, akaiweka chini, akaondoka bila kuaga. Hata mimi niliona nimekosea, ila nilikuwa nimeshapanda, kushuka sikujua.

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Watani wenzake Mzee Maganga walikaa, wakanitoza jogoo mweupe, nimpeleke mwenyewe, kwa miguu, nimempakata mikononi, kutoka nyumbani Ilala mpaka stoo ya Mzee Maganga. Jumamosi, Kariakoo imejaa watu mpaka huoni lami. Jogoo ananipiga mabawa usoni. Vijana wa mitumba wananiimbia, "Anti, mnaenda kufunga ndoa?" Mwingine ananiuliza kama bwana harusi kashakula. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe.

Mzee Maganga alimpokea jogoo. Akamfunga mguu kwenye gunia la maharage. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa kweli. Akasema, "Simama mateka mdogo. Njoo nikuonyeshe wizi wangu."

Alinipeleka nyuma, upande wa magunia ya mahindi, kwenye upenyo unaotosha mtu mmoja. Akashusha kopo la maziwa kutoka kwenye boriti. Ndani mlikuwa na viko tisa, vyote na waya wako. Alisema alikuwa na hiki kimoja tu mfukoni siku ya msiba, akashindwa kujizuia, mtani atamwigiza vipi mtani wake bila kiko? Vingine alikuwa anavificha ili mimi na Mama tusije tukaviona. "Nilikuwa namfichia hai, ningemtangaza maiti?" Halafu akasema nichungulie ndani.

Nilikaa na kile kiko cha kwanza muda mrefu, nimekifunika na kidole gumba. Nilikuwa bado nakuamini, unaona? Nilijiambia labda ulikuwa unavichonga tu, unavishika mdomoni vitupu, kujiliwaza. Gunzi haliwezi kusema uongo, wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha nikiwa mdogo jinsi linavyoungua kuanzia ndani. Nikaondoa kidole. Kilikuwa cheusi mpaka chini. Cha pili hivyo hivyo. Nilivitazama vyote tisa, Baba. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nikalia kwa hasira. Nikasema uliniapia. Uliniita kwa jina. Mzee Maganga akaniacha nilie, kisha akachomoa shati moja la zamani lililokuwa limetundikwa kwenye msumari, la kwake, limepauka, akanipa. Alisema kila ukija ulikuwa unavua lile koti lako la kaki, unaliacha kule nje penye upepo, unavaa shati hili, ndipo unawasha. Kwa sababu koti linanuswa jioni.

Nililinusa shati. Ulikuwemo humo mzima, Baba. Nyumbani nimekutafuta miezi hii yote kwenye mto, kwenye kanzu ya kulalia, kwenye taulo, sikukupata mahali. Kumbe ulikuwa kwenye shati la Maganga.

Nikamuuliza mahali ulipokuwa unakaa, maana pale hapakuwa na kiti wala hata gunia la kukalia. Wewe ambaye usingeweza kuvuta bila kuketi, mguu mmoja juu ya mwingine. Akasema, "Hakukaa hata siku moja. Alisimama hapo ulipo wewe, jicho mlangoni. Akisikia viatu vya mwanamke anakizimia mkononi. Nikimwambia, mateka wewe, unamwogopa nani? Anasema, namwogopa binti yangu, ataona simpendi."

Basi hiyo ndiyo habari niliyokuja kukupa. Nilikuwa natafuta aliyekuua, na labda ni tumbaku, labda ni ule umri, daktari mwenyewe hakusema kwa uhakika. Lakini aliyekusimamisha nyuma ya magunia miaka miwili, na mapafu yale, nimeshampata. Ningekuwa nimekuacha ukae sebuleni na gunzi lako, sijui kama ungeondoka mapema zaidi. Huenda ungeondoka. Silijui jibu, na siku nyingine nakasirika tena kwamba ulinidanganya, halafu nakasirika kwamba nilikufanya ujifunze kudanganya wewe uliyekuwa unazifundisha mizani kusema kweli. Nisamehe. Mimi nimeshakusamehe, ila kesho huenda ikabidi nianze upya.

Mama sitamwambia. Hiyo ni ahadi, na unajua mimi sikuwahi kumfichia mtu kosa lake. Namshuku tu kwamba anajua. Juzi nilimkuta ananunua karafuu, na sisi pilau hatujapika tangu uondoke. Lakini sitamuuliza. Mzee Maganga nitakuwa nampelekea chakula kila Jumamosi, na nikimpelekea nitamwita mwizi, mara hii nikicheka. Kama wanangu wakitaka kunificha jambo, Mungu anisaidie nitoe mguu mlangoni, niwaachie nafasi.

Kwaheri, Baba. Jumapili nilibeba kigoda chako kutoka jikoni, nikakipeleka stoo, nikakiweka pale nyuma ya magunia. Kaa. Pandisha mguu juu ya mwingine. Vuta taratibu, mpaka kiishe chenyewe. Hakuna anayekuja.

Binti yako,
Konsolata