Pasi Niliyomkatalia Masika

Mjukuu wangu Kahindo,

Baridi ya Ubelgiji inakutendeaje? Hapa Bulengera shangazi yako amejifungua mapacha, lakini miguu yangu haifiki tena kanisani. Unasema daktari alikutoa funza mkononi baada ya likizo yako Beni, akawaita wenzake waje kushangaa. Unauliza kama makovu ya mgongoni mwako ni ya funza pia.

Ndiyo. Ulikuwa mchanga tulipokimbia vita kutoka Alimbongo, tukapokelewa Beni na shemeji yangu. Masika, mkimbizi wa Kayna, ndiye aliyetufulia nguo.

"Mwalimu, tupige pasi vitambaa vya mutoto," aliniambia. "Huku ni joto. Inzi inatagaka mayai kwa nguo mubichi, moto ndiyo inaiua."

Nilicheka. "Kwetu kwa baridi nani anapigaka pasi vitambaa vya mutoto? Wacha mambo yako, mama."

Baada ya siku chache mgongo wako ulijaa majipu, na kila jipu lilikuwa na funza.

"Masika, uko muchafu!" shemeji akafoka. "Toka kwangu!"

Masika aliniangalia, akingoja niseme. Niliona aibu, mimi mwalimu, nikanyamaza. Akaondoka na furushi lake, barabara imejaa askari. Sikumwona tena.

Umekua ukisikia kwamba uchafu wa Masika ndio uliokuumiza. Nimekwisha kuungama kwa padri, lakini jina la Masika bado ni chafu katika ukoo wetu. Wapigie simu wote uwasomee barua hii sasa, nikiwa hai, waje waniulize mimi.

Koko wako