Moto wa Kifua na Matofali Mawili

Jumapili, 6 Machi 1966
Uji bakuli la pili, njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, tena supu yenye mafuta juu. Wambui ana miezi mitano, lakini mama mkwe bado ananilisha kama nimejifungua jana. Anasema mke wa mwanawe hatakonda hapa Yamumbi kwenye shamba jipya, watu watasema tulinunua udongo tukakosa chakula. Halafu akanifunga mshipi wa kitambaa tumboni ili tumbo lirudi, akavuta, goti lake mgongoni kwangu. Gauni la harusi halipiti hata mkono. Kifua kinawaka.

Jumatano, 9 Machi
Nimeinama na jembe mstari mmoja tu. Maji machungu yakapanda mpaka kooni. Nikakaa chini. Baba Wambui alilima peke yake mpaka jioni. Afadhali angenigombeza.

Mvua iko karibu. Hili ndilo shamba letu la kwanza. Mama aliyenizaa aliinamia mashamba ya mzungu miaka yote. Mimi la kwangu siwezi kuinamia.

Jumatatu, 14 Machi
Naogopa. Nikilala, moto unapanda. Nafikiri ni moyo. Shangazi yangu alishika kifua hivi hivi, hakumaliza mwezi. Wambui hata meno hana.

Mama mkwe amenipa magadi nilambe. Moto ukatulia, ukarudi.

Alhamisi, 17 Machi
Nimemwambia Baba Wambui. Kesho tunakwenda hospitali mjini.

Ijumaa, 18 Machi
Si moyo. Naandika tena. Si moyo.

Walininywesha kitu cheupe kama chokaa, wakanipiga picha ya kifua. Daktari, Mhindi mzee, akanichorea kwenye karatasi. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo, kama pazia, na tundu ambamo bomba la chakula linapita. Tundu langu limelegea. Kipande cha tumbo la chakula kimepenya juu. Mimba ilisukuma, sasa unene unasukuma.

Akagusa mshipi, akauliza ni wa nini. Nikaeleza. Akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, unakamua chupa halafu unashangaa ikimwagika?"

Hakuna kukatwa. Nipunguze mwili, lakini polepole kwa sababu nanyonyesha. Nile kidogo kidogo. Chakula cha jioni mapema, nisilale nimeshiba. Mshipi basi. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa.

Sasa nitamwambiaje mama mkwe? Kesho kutwa ni Jumapili, siku ya njahi.

Jumapili, 20 Machi
Nimekataa bakuli la pili. Nikamrudishia mshipi umekunjwa vizuri. Aliweka mwiko chini, akatoka nje. Hajaongea na mimi tena. Yeye ndiye aliyenishika Wambui akizaliwa. Nimelia jikoni.

Jumatatu, 21 Machi
Baba Wambui ameokota matofali mawili kwenye zizi lililoanguka la mzungu aliyekuwa hapa, akayaweka chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa. Anasema sasa tutalala kwa mteremko kama mbuzi wa milima ya Elgeyo.

Jumanne, 22 Machi
Nimelala mpaka asubuhi.

Jumamosi, 2 Aprili
Mama mkwe alikuwa anapukuchua mahindi. Akauliza bila kuniangalia, huo moto unapanda ukiinama? Na ukilala je? Nikaleta karatasi ya daktari. Aliitazama sana. Kumbe yeye analala ameketi tangu mtoto wa tatu. Alidhani ni uzazi tu. Magadi hayatoki mfukoni mwake.

"Na ulikuwa unanyamaza, Mama?"

"Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa hujaja."

Jioni alinipakulia nusu bakuli. Na yeye nusu. Jua lilikuwa bado juu.

Jumamosi, 16 Aprili
Mvua imeanza. Jana tulipanda. Niliinama mistari sita. Moto ulikuja mara moja, mdogo, nikasimama, ukaisha. Wambui alikuwa mgongoni, amelala. Mkono umepita kwenye gauni la harusi. Mabega bado.

Asubuhi nimempelekea mama mkwe chai. Kitanda chake kimeinuka upande wa kichwa, matofali mawili chini. Alikuwa amejinyoosha, amelala kabisa, mdomo wazi, anakoroma. Nimefunika chai kwa sahani.