Kipande cha Upindo

2 Februari

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti linanisuta kila nikipanda ngazi. Unakula lakini?

Barua yako nimeipata. Eti wekundu wa majoho yetu ya kwaya ni upi hasa! Mtoto wewe, joho langu nimelivaa na kulifua miaka thelathini, wewe mwenyewe umelilalia ukiwa mchanga, leo ndiyo unauliza? Na huyo msanifu aliyechora mabango, si kakuletea faili? Unasema kwenye kompyuta yake ni wekundu mmoja, kwenye yako mwingine, na karatasi nayo inatoa wa kwake. Basi hizo mashine ni mashahidi wa uongo.

Nakutumia kipande. Nimekikata kwenye upindo wa joho langu kwa mkasi wangu mwenyewe. Ukweli ndio huo. Chapa hivyo, usimsikilize mtu. Wenzangu nimeshawaambia kwamba mabango ya sherehe yetu yanachapwa na mjukuu wangu. Usinitie aibu.

Bibi yako


9 Februari

Shikamoo Bibi,

Nakula, usiwe na wasiwasi. Pole na goti.

Kipande kimefika. Nilikipeleka dirishani penye mwanga wa mchana, nikachapa sampuli tano, nikipunguza wino mwekundu, nikiongeza wa manjano na tone la buluu, mpaka karatasi na kitambaa vikawa ndugu. Msanifu kapiga simu, anang'ang'ania kwamba faili lake liko sawa, eti rangi kaipima kwenye jora la majoho mapya. Nikamwambia, mimi kitambaa chenyewe ninacho mkononi.

Fundi mkuu ameniachia mashine kwa mara ya kwanza. Kasema, "Kazi ikiharibika, utajibu wewe." Kesho tunachapa mabango mia tatu.

Mjukuu wako


20 Februari

Wewe,

Sikuulizi hali, maana yangu mwenyewe imenishinda.

Waimbaji wamesimama na majoho mapya, mekundu ya kuwaka. Nyuma yao mabango yako, rangi ya tofali kuukuu! Yule mwenzangu wa sauti nene akauliza mbele ya ukumbi mzima, "Mama, mjukuu wako kachapa kutu?" Watu wakacheka mpaka mpiga kinanda akaacha kupiga.

Nikajibu kwa sauti, wote wasikie: huyo hajui kazi, macho kapewa ya urembo tu. Na fundi mkuu wako nimemwandikia hivyohivyo. Barua haikuwa fupi.

Bibi


1 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima.

Kosa ni langu. Nimetolewa kwenye mashine, sasa nakata karatasi na kufunga vifurushi. Naomba usiandike tena kazini. Barua yako ilisomwa na wengi.

Mjukuu wako


17 Aprili

Mjukuu wangu, mama yangu,

Marahaba, kama bado unaniamkia. Goti tuliache.

Juzi nilifumua joho langu nilitanue ubavuni, maana nimenenepa, na usicheke. Nikafungua mshono. Humo ndani mna wekundu wa kuwaka, kama siku liliposhonwa! Nje ndiko jua la kamba ya nguo lilikokula miaka yote, na mimi nikazeeka nalo, nikadhani ndivyo lilivyo. Nimekutumia mchujuko nikauita ukweli.

Halafu nikakaa kitako. Kile kipande kilikuwa cha upindo, kimekunjwa na kushonwa. Ndani ya mkunjo rangi ilikuwemo. Uliufumua, siyo? Ukaona, ukaandika "kosa ni langu", ukaniacha nitambe.

Jana nimekwenda mazoezini nimevaa joho nje-ndani. Sauti Nene akasema, "Mama, umevaa gizani?" Nikamwambia, "Tazama mshono. Mjukuu wangu alichapa sawasawa. Aliyechuja ni mimi." Hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Humu mna barua yangu kwa fundi mkuu. Sikuifunga, isome kwanza. Maneno niliyokosea kuandika yaache. Mna na kipande kingine, nimekikata ndani, palipo na rangi yenyewe. Limebaki tundu mbele ya kifua na silizibi, kila mtu alione.

Usiniambie "haidhuru". Nikaripie, nimestahili.

Bibi aliyekukosea


3 Mei

Shikamoo Bibi,

Hujambo? Na goti? Usilikwepe, nimeuliza.

Ni kweli, niliufumua mkunjo siku nilipopata barua yako ya hasira. Nikautazama, nikaushona tena.

Fundi mkuu kasoma barua yako mara mbili, kaitia mfukoni. Mashine hajanirudishia. Jumatatu nitasimama kando yake, nitazame tu. Kaniuliza jambo moja: msanifu alinionya, kitambaa ninacho, mkasi ninao, kwa nini sikufungua mkunjo kabla ya kuchapa?

Nikamwambia, kilitoka kwa Bibi.

Ulitaka nikukaripie. Haya: hilo tundu lizibe.

Mjukuu wako