Mume wa Kliniki Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Vichwa kumi na kimoja kabla ya saa sita. Mtaa huu wa Kabalagala, hapa Kampala, hauna kinyozi kama mimi, na hayo si majivuno, ni taarifa. Nimenyoa Mombasa, nimenyoa Goma, Juba nimemnyoa jenerali huku bunduki yake ikiwa mapajani mwake. Shule niliacha darasa la sita. Shule yenyewe haijapona tangu nitoke.

Saa nane akaja Sista Namuli. Yeye ni mkunga, anasomea shahada ya pili ya uuguzi na ukunga, na utafiti wake ni juu ya waume kuwasindikiza wake zao kliniki. Wajawazito wengi wa huku ni Wakongo, Wakenya na Wanubi. Yeye Muganda, Kiswahili chake kinachechemea. Mimi ndiye mkalimani. Tunakaa nyuma ya pazia la saluni, anauliza, ninageuza.

Leo mama mmoja aliulizwa kama mume alimsindikiza. Akanitazama, akacheka, akasema ndiyo. Nikageuza: ndiyo.

Daftari hili Sista alinipa niandike miadi ya akina mama. Miadi naiweka kichwani. Humu nitaandika yangu.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nilikuwa mume wa Mama Zaituni.

Niliweke wazi nisije nikajisahau uzeeni. Kliniki tatu za huku zina sheria. Aliyekuja na mume anahudumiwa kwanza. Asiye na mume anakaa benchi la nyuma hadi alasiri, au anaambiwa rudi ukamlete. Sasa mume wa Mama Zaituni anaendesha lori la Juba. Atamleta kwa posta? Akaniomba nisimame naye. Ilianza na mmoja, sasa wamefika saba. Sichukui hata chai. Natoa jina la mume wa kweli na namba ya simu yangu ndogo, ile ya tochi, niliyoitenga kwa kazi za ndoa. Uso si shida kwa kinyozi. Leo ndevu, wiki ijayo kidevu kama yai, siku nyingine masharubu ya polisi.

Wananitoboa kidole kila mara kupima virusi vya UKIMWI. Hakuna mwanamume Kampala aliyepimwa kunishinda. Leo nesi alinisifu mbele ya watu. Niliuliza kuhusu miguu kuvimba, na vidonge vya damu vinywewe kabla ya chakula au baada. Akawaambia wengine waige mfano wangu. Mama Zaituni akaninong'oneza, "Mume mzuri wewe, ila wa kukodi." Nilijibana mbavu nisicheke.

Mke wangu halisi, yule wa Busia, alikataa hata kupiga picha nami. Leo nina saba.

Ijumaa, 7 Machi

Sista amekuja anang'aa. Amemaliza kusoma madaftari ya kliniki zote tatu. Anasema wanawake wanaozungumza Kiswahili wanakuja na waume kuliko wenzao wote. Ameshangaa yeye, ameshangaa na profesa wake. Tukacheka pamoja. Nikajisikia fahari, Mungu anisamehe.

Kisha akanieleza mwisho wa kitabu chake. Atapendekeza sheria ya waume ipelekwe kliniki zote, kwa sababu imeonekana inafanya kazi.

Baada ya hapo nilimkata mteja sikio. Kidogo tu. Tangu Goma sijakata sikio.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia neno. Nilimwaza Furaha.

Furaha ni Mkongo, anauza dagaa karibu na saluni. Mume wake walipoteana njiani wakikimbia vita. Mimba ilipokuwa changa alienda kliniki, wakamwambia mlete mume. Akaenda tena, wakasema vilevile. Hakwenda tena. Alipokuja kwangu ilikuwa na miezi sita, na miguu imejaa kama mihogo. Nikamsindikiza siku hiyohiyo.

Najisifu kwa hilo. Lakini leo nimewaza: wale wasio na Wafula kama mimi mtaani kwao je? Sheria ikifika Ntinda, ikifika Bugolobi, nani atasimama nao? Siwezi kuoa Kampala nzima. Nguvu ninazo, ila ndevu hazioti haraka hivyo.

Nikimwambia Sista, kazi yake inaanguka. Nisipomwambia, inasimama juu yangu mimi. Na akina mama wakiaibishwa? Naogopa. Nimeandika. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi

Mambo yameiva vibaya. Profesa anataka sauti za waume wenyewe. Sista amenakili namba zao kutoka kliniki, na kesho kutwa ataanza kuwapigia. Aliniuliza kama nitakuwepo nimsaidie Kiswahili. Nikasema bila shaka.

Saba kati ya namba hizo ni moja.

Dawa ninayo. Nitazima simu ndogo. Mtu wa kimataifa hakosi dawa.

Jumatano, 12 Machi

Sikuizima. Furaha amefika mwezi wa tisa na hiyo ndiyo namba aliyoishika. Uchungu ukimjia atapiga hapo. Nikizima, atapiga wapi?

Nimeiweka kwenye droo ya wembe. Nimeishusha sauti lakini kitufe ni kibovu.

Alhamisi, 13 Machi

Imekwisha.

Saa tano asubuhi. Sista alikuwa kwenye kiti changu cha kunyolea, karatasi magotini. Akapiga namba ya kwanza, ya mume wa Furaha. Droo ikaanza kulia.

Nilidhani ni Furaha. Nikavuta droo, nikaitoa simu. Nikaona namba ya Sista. Nikamwona Sista na simu sikioni, ametulia, anangoja. Hata akaniambia kwa adabu nipokee tu yangu, yake bado inaita.

Ningeweza kuiacha ilie hadi ichoke. Nilikuwa hata na kicheko tayari mdomoni.

Nikapokea. Nikasema haloo. Sauti yangu ikamfikia mara mbili, ya kinywani na ya sikioni.

Alishusha simu polepole.

"Wewe ndiye mume wa Furaha?"

"Wa kliniki, Sista. Nyumbani hapana."

"Wako ngapi?"

"Saba."

Nilimweleza yote. Benchi la nyuma, lori la Juba, ndevu. Nilitia na mzaha mmoja kuhusu masharubu. Hakucheka. Akakusanya karatasi moja moja, akizipanga pembe kwa pembe.

"Wafula, miezi nane mimi nimeandika wewe peke yako."

Mlangoni akageuka. Akaniuliza damu yangu inasema nini kuhusu mume wa Mama Zaituni. Waume wenyewe hawajapimwa hata mmoja. Aliyepimwa ni mimi, mara saba, na kliniki imeandika kwamba wao na waume zao wako salama.

Hilo sikuwa nimeliwaza. Mimi, mtu wa nchi nne. Sikuwaza kabisa.

Nilifunga saluni mapema. Najiona mjinga.

Ijumaa, 14 Machi

Simu ndogo ililia saa saba mchana. "Papa Wafula, ile maumivu imeanza."

Nilimwacha mteja na nusu kichwa. Nikampakia Furaha kwenye pikipiki ya jirani, mimi nyuma nimemshika. Kabla ya kuondoka nilimpigia Sista. Nilijua amenikasirikia. Nilijua pia ni mkunga. Akasema neno moja: "Nakuja."

Tulifika, naye akafika nyuma yetu na nguo za nyumbani. Furaha ameshika meza kwa mikono miwili. Nesi ameshika kalamu. Akauliza mume yuko wapi. Hakuuliza maumivu yalianza lini. Mume yuko wapi.

Kidevu changu kilikuwa kama yai. Angekubali. Ulimi ulishafika kwenye ndiyo.

Nikasema, "Mimi ni jirani tu."

Nesi akauliza mara ya pili, sasa akimwangalia Furaha, kama vile nimesema uongo. Mara ya tatu sauti ikapanda. Sista alikuwa amesimama nyuma yetu anasikia yote. Nadhani maisha yake yote amekuwa upande wa mwenye kalamu wa meza ile. Hakugomba. Alimsogeza nesi kwa kiwiko, akamshika Furaha kiunoni, wakaingia ndani.

Saa kumi na nusu, msichana. Ana mapafu ya mnadi wa soko. Sista alitoka akijifuta mikono, akakaa kando yangu. Nilimpa kitambaa changu cha saluni, kile safi.

Jumatano, 19 Machi

Sista amerudi saluni. Profesa alipiga meza, kisha akasema sura nzima ifutwe na ile ya kweli iandikwe: kwa nini mwanamke aazime mume. Wamempa hadi Juni. Atakosa kuhitimu na wenzake wa mwaka huu. Alilisema kwa utulivu, lakini kijiko kilizunguka kwenye chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

Niliomba radhi. Bila mzaha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kumnyoa jenerali.

Akina mama wote saba wamekubali kusema tena. Majina yao hayataandikwa. Waume walio karibu wataitwa kupimwa, na wake wote watapimwa upya. Mama Zaituni amempigia wake Juba. Ametishia kumfuata na tumbo lake.

Mimi nimefukuzwa ukalimani. Mume wa wote hawezi kuwa mdomo wa wote, amesema Sista. Ameleta mwalimu mmoja wa kike, Mnubi. Leo nilikuwa upande huu wa pazia, nanyoa. Ndani walikuwa wanacheka. Nikasikia sauti ya Mama Zaituni: "Andika, Sista. Mume huyo hakunipa hata sahani ya wali, na bado kwa waume wangu wote ndiye aliyekuja kwa wakati."

Mteja akauliza kwa nini natabasamu. Nikamwambia kichwa chake kinachekesha.

Ijumaa, 25 Aprili

Mtoto wa Furaha amefikisha wiki sita. Chanjo ya leo.

Furaha alikuwa na mafua, akaomba nimbebe mtoto. Nikambeba. Ndevu zimeota zinavyotaka, sijazigusa mwezi mzima. Zina mvi, sikujua.

Karatasi ya sheria ya waume bado imebandikwa ukutani mwa kliniki. Sista ameshaongea na mkuu wa kliniki mara mbili. Ile karatasi imelegea kona moja, labda ni upepo.

Nesi alikuwa yuleyule. Akafungua daftari. Akauliza, "Amekuja na nani?"

Furaha akamjibu. Nesi aliandika polepole. Nilichungulia, kusoma najua. Palipochapwa neno mume alikuwa amepiga mstari, na juu yake ameandika: Wafula, jirani.

Mara ya kwanza jina langu kuwa humo.

Tukaenda benchi la nyuma. Mtoto akalala kifuani kwangu. Tukangoja zamu.