Hatukopeshi Juu ya Siri

Kwako dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimeachia, na yule bibi unayemuuguza siku hizi anakuacha angalau ulale. Sisi huku tunapumua. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata joto anasahau kama analo, anazunguka nyumba nzima akinikosoa. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo haijatulia, na sababu utaiona. Nakuomba usome mpaka mwisho, usiishie katikati ukanipigia.

Ningeweza kukupigia mimi. Wiki hii nimeishika simu mara tatu nikairudisha mezani. Najijua, dada. Ningeanza na goti la mama, nikaja kwenye mvua, nikakuuliza bei ya viatu huko, halafu salio lingekwisha pale pale ninapotaka liishe.

Basi habari yenyewe ni hii. Matroni wa ile hospitali ndogo ya wazazi, ambaye amekuwa akinipa mashuka ya kufua kila mfuaji wao alipougua, aliniita miezi miwili na nusu iliyopita kwenye chumba chao cha mashuka. Akaufunga mlango kwa mguu maana mikono ilikuwa imejaa mito. Akaniambia mfuaji anastaafu, na kazi ile angependa aipate mtu ambaye mashuka yake yanarudi bila alama ya pasi na hesabu yao kamili. Nilitaka kumkumbatia pamoja na mito yake. Lakini akaongeza kwamba mashuka ya wazazi lazima yafuliwe kwa maji ya moto sana, tena zaidi ya mia kwa siku, na mikono ya binadamu haiwezi. Nitafute mashine. Angemzuia mkurugenzi asisaini na kampuni ya kufulia kwa miezi mitatu. “Siku ya tisini na moja sitakuwa na la kumwambia,” alisema.

Mashine niliipata kabla ya fedha. Hoteli moja ilikuwa inafungwa na msimamizi wake anauza vitu. Ile ya kufulia ni kubwa, tumbo lake linaweza kumeza godoro, na bei yake ni mapato yangu ya mwaka mmoja na nusu. Nikapiga moyo konde nikaenda benki.

Nilivaa ile blauzi yako ya kola. Afisa mikopo alinipokea vizuri, na kwa kweli upole wake ndio ulioniumiza. Aliuliza hati ya mshahara, nikasema sina. Akauliza taarifa ya akaunti ya miezi sita, nikasema fedha yangu haikai hata siku sita. Akauliza mdhamini mwenye ajira, nikasema simjui hata mmoja. Mwishowe akauliza ninafanya kazi wapi. Nikamwambia ninafua nguo, nimefua kwa miaka tisa, na nikamtajia nyumba ninazofulia. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akaandika. Mimi husoma hata maandishi yaliyogeuzwa, si unajua. Penye neno “kazi” aliandika: hana.

Niliitazama mikono yangu juu ya meza yake, vidole vimechubuka, kucha zimeliwa na sabuni. Nikajiuliza, kama sina kazi, hivi ni nini kinachonila hivi? Nikaaga, nikatoka.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mtu mmoja wanayemwita Mjomba, ingawa mtaa mzima hana mpwa. Anauza makochi na simu, na nyuma ya makochi anakopesha. Alinikalisha kwenye kochi lenye nailoni, akanipa soda, akaniambia benki wanataka makaratasi, yeye anataka kuaminiana tu. Riba yake ni nusu ya ulichochukua, kila mwezi. Nilimshukuru, nikamaliza soda, nikatoka.

Aliyenifungulia njia ni mfagizi wa ile benki. Siku niliyokataliwa alikuwa anapiga deki karibu na meza, na wiki ileile alinikuta njiani akanishika mkono kama tunajuana. Akasema kila siku anawaona watu kama mimi wakitoka pale wameinamisha shingo, na yeye mwenyewe, anayefagia chini ya meza ya mikopo, hajawahi kukopeshwa hapo hata ndoo. Wana chama chao, akasema, watu kumi na mmoja. Wanakutana kila Jumamosi saa nne asubuhi kwenye karakana ya seremala. Nisiende na blauzi ya kola, niende na nilichonacho.

Nilikwenda. Dada, ungewaona ungecheka, halafu ungenyamaza. Wanakaa juu ya mbao, maranda yanawashika kwenye nguo. Yupo muuza mkaa, yupo fundi viatu, wapo wauza mboga, yupo seremala mwenye karakana. Mwenyekiti ni mama mmoja fundi wa majiko, sauti imekwaruzika kama anaipitisha kwenye msasa. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo wamepewa watu watatu ambao hawapendani sana. Mwenyekiti alinieleza hilo bila aibu. Alisema wakipendana watalifungua bila wengine.

Masharti yao hayakuwa ya karatasi. Kwanza nije wiki nane mfululizo na akiba yangu, hata ikiwa kidogo, ili waone kama ninajua kurudi. Pili waje nyumbani. Tatu, nijibu nitakachoulizwa.

Wiki ya nne walikuja watatu bila taarifa, nikiwa nimezama kwenye beseni. Mwenyekiti alilishika shuka kambani, akalinusa, akaligeuza upindo. Fundi viatu aliwauliza majirani kama ninalipa maji. Mama akawapa viti na kuanza kuwahadithia nilivyokuwa mkaidi utotoni, nikatamani ardhi inimeze. Wakati wa kuondoka Mwenyekiti aliniuliza kama ninadaiwa popote. Nikajibu sidaiwi. Aliniuliza tena mlangoni, kwa sauti ya chini. Nikajibu sidaiwi, mama.

Kuanzia hapo usingizi uliniaga. Chakula nilikuwa nakitafuna kikigoma kushuka. Mama alidhani nina mimba, akaanza kuniangalia tumbo.

Jumamosi ya nane ilikuwa ndiyo ya kura. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tatu kwa Matroni. Nilisimama mbele yao, nikaeleza mashine, mashuka, malipo ya hospitali kwa mwezi, na nitakavyorejesha. Nilieleza vizuri, wenyewe walisema. Kisha Mwenyekiti akavua miwani, akauliza mara ya tatu: “Mwanangu, unadaiwa popote?”

Nikamwangalia mfagizi, yeye akaangalia maranda. Nikasema: “Nadaiwa.”

Hakuna aliyeshtuka. Fundi viatu alisema kibanda chake kinatazamana na duka la Mjomba, aliniona siku nilipoingia, na wote walijua tangu wiki ya pili. Nikauliza kwa nini basi waliniacha nije wiki zote zile. Mwenyekiti akasema, “Tulikuwa tunakusubiri wewe.”

Sasa dada, kaa vizuri.

Nimekuandikia huko juu kwamba nilimaliza soda nikatoka. Nilitoka kweli, lakini nilitoka na fedha. Msimamizi wa hoteli alikuwa amepata mteja mwingine, alitaka robo ya bei siku ileile ili anishikie mashine. Na Mjomba, huyo wa kuaminiana tu, aliuliza nina nini cha kuweka.

Niliweka hati ya kiwanja chako.

Ile uliyonipa mkononi siku unaondoka, ukaniambia nisimpe mtu yeyote, hata mama. Nilirudi nyumbani mama akiwa anaoga, nikaitoa, nikampelekea. Na bado hujasikia yote. Alikuwa na karatasi inayosema kwamba miezi mitatu ikipita bila kulipwa, kiwanja kimeuzwa kwake, na chini ilihitaji saini ya mwenye mali. Akasukuma kalamu upande wangu, akageuka kupangusa simu kwenye kabati. Nikaandika jina lako. Nikaweka saini yako, dada. Najua unavyoukunja mkia wa herufi ya mwisho, nilikuwa nikikuigiza tukiwa wadogo. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Nilijiambia nitaikomboa kabla hujajua. Baada ya mwezi deni lilikuwa limevimba. Mwezi wa pili majirani wa kiwanja chako walimwambia mama sokoni kwamba kuna mtu anapima pale kwa kamba. Mama akasema wamekosea kiwanja. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake nimeshika kikapu, nikasema naam, watakuwa wamekosea.

Hayo yote niliyasema pale karakanani. Muuza mboga mmoja alilia. Mwingine alisema mwizi ni mwizi, nitolewe. Walibishana saa nzima, mimi nikiwa nje nimeegemea mbao, nasikia sauti bila maneno. Waliponiita, hawakunipa jibu. Mwenyekiti alisema tu: “Vaa viatu, twende.”

Tulikwenda wote, kumi na wawili pamoja nami. Tukaingia kwa Mjomba tukakalia makochi yake yote, muuza mkaa na masizi yake juu ya kochi jeupe. Mjomba akasema mambo ya mteja ni siri, atazungumza na mimi peke yangu. Mwenyekiti akamjibu, “Sisi ndio yeye. Lete karatasi.” Alizungukazunguka, lakini wateja walikuwa wanachungulia na kuondoka, na masizi yanaenea. Akaileta.

Mfagizi ndiye aliyeisoma, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Alipofika kwenye tarehe na saini akaniuliza mwenye mali siku hiyo alikuwa wapi. Nikasema alikuwa kazini, nje ya nchi, ana miaka minne hajarudi. Mwenyekiti akamgeukia Mjomba, akamwambia hapo kuna watu wawili wa kwenda kujieleza polisi, yeye aliyeshuhudia saini na binti aliyeiweka. “Huyu binti yuko tayari. Wewe je?”

Mimi sikuwa tayari, dada. Lakini nilisema niko tayari, na safari hii ilibidi iwe kweli.

Mjomba alipokea alichonikopesha na riba ya mwezi mmoja, akarudisha hati na ile karatasi. Fedha zilitoka kwenye sanduku la chama. Kwa hiyo sasa nadaiwa na watu wanaouza mkaa kwa kopo na kushona soli, na deni hili naliogopa kuliko lile la kwanza, kwa sababu hawa nawaheshimu.

Nilidhani pale ndipo mwisho. Jumamosi iliyofuata walipiga kura kuhusu mashine. Fedha iliyobaki ya kuimaliza wanayo, na kazi yangu wanaiamini, lakini wameikalia. Mwenyekiti alisema, “Sisi hatukopeshi juu ya siri. Mwandikie mwenye mali. Akijibu, tutajua tunakopesha nani.” Hati yako na ile karatasi yenye saini ya uongo zimo kwenye sanduku, chini ya kufuli tatu, na hazitoki mpaka useme akabidhiwe nani. Usiponitaja mimi, sitauliza. Karatasi ile ukitaka ichanwe itachanwa, ukitaka ipelekwe polisi, nitaipeleka mwenyewe kwa miguu yangu.

Leo zimebaki siku kumi na nne. Barua hii nampa mwenzako wa kazini aliyekuja likizo, anayerudi huko kesho, ameniahidi itakufikia ndani ya siku mbili. Sikuandikii ili unihurumie kwa ajili ya Matroni. Ukikaa kimya mpaka siku zipite, au ukisema hapana, mashine itakwenda kwa mwingine, nami nitaendelea na beseni mpaka niwalipe wale watu wote. Nimepiga hesabu, ni miaka miwili na miezi kadhaa. Ninaweza. Nisichoweza ni kukusikia tena kwenye simu ukiniuliza kiwanja changu kinaendeleaje, nami nikikujibu nyasi tu zimeota.

Nisamehe, dada. Najua neno hilo ni dogo. Nimetafuta kubwa zaidi sikulipata.

Wasalimie wenzako wa kazini, na huyo bibi umpe pole ya maumivu. Majirani wa pande zote wanakusalimu, na mama mwenye duka anauliza utarudi lini. Salamu za mama sikuzitia humu. Jioni hii nilimsomea barua hii mpaka hapa kwenye salamu, tukiwa tunakunja mashuka, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili. Hakuliachia shuka. Nilipomaliza alikunja, akaweka juu ya mengine, akasema nisimtie kwenye salamu zangu, kwa sababu na yeye anangoja ujibu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda