Safari Tuliyoificha Mjimwema

Alhamisi, mwezi wa sita. Baridi. Ukungu ulishuka asubuhi mpaka kwenye mabati ya soko, na saa hizi za jioni naona unajiandaa kurudi.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Ndani ya mkoa huu wa Ruvuma hakuna mtu, awe padri, awe mkuu wa wilaya, anayezijua njia za kwenda Ulaya kunishinda mimi. Na mwenyewe sijawahi kuvuka Makambako.

Msicheke. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Lakini hao wenye diploma na digrii zao wakishashuka kwenye mabasi ya kutoka vyuoni, wanakuja hapahapa kwenye intaneti kafe ninapofanya kazi, wanakaa pembeni yangu kwa adabu kama watoto wa katekisimu. Nani anatoa skolashipu. Waholanzi wanataka voluntia wa namna gani. Wapi wanachukua watu wa kutunza wazee. Barua ya kujieleza inaanzaje. Kiingereza changu kinachechemea, lakini kinafika.

Nimejisifu kwa mazoea tu. Leo sina hamu.

Dada Kandida amekosa safari.

Kandida anakaa mtaa wa Mjimwema kwa shangazi yake, yule mama anayeuza togwa. Alimaliza chuo, mambo ya ustawi wa jamii, na tangu arudi nyumbani kazi aliyoipata ni kupanga viti kwenye sherehe za kipaimara za watu. Mwaka huu akapata nafasi ya kwenda kujitolea Ujerumani, mwaka mzima, kwenye nyumba ya watoto wenye ulemavu. Kula juu yao, kulala juu yao, na ukifanya kazi vizuri wanakusaidia kuomba chuo hukohuko. Ila wana mwisho wa umri, na Kandida anaupita kabla Krismasi haijafika. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi.

Nafasi ile tuliitafuta pamoja. Yeye alileta akili, mimi nikaleta vidole. Alikuwa ananiita "mheshimiwa balozi", na mimi nilikuwa naitika.

Sasa, hapa kwetu safari haitangazwi. Kuna jamaa wa Msamala alipata nafasi kama hiyo, akachinja mbuzi, akaaga ukoo mzima, akagawa mpaka godoro. Viza ikagoma. Leo anauza vocha stendi, na watoto wa shule wakipita wanamuuliza, "Mjerumani, umerudi lini?" Yeye anasema ni husuda ya majirani. Ni husuda au ni ubalozi, sijui. Ninachojua ni kwamba tangu hapo mtu wa huku anaondoka kimya, na majirani wanasikia akiwa ameshafika.

Basi tukawa watatu wenye siri: Kandida, shangazi na mimi. Shangazi aliilinda kuliko sanda. Jirani aliona sanduku jipya, akauliza. Shangazi akasema Kandida anakwenda harusini Mbinga.

"Harusi gani hiyo ya kwenda na sanduku la magurudumu?"

"Ya watu wa mlimani," akajibu shangazi, akaendelea kukoroga togwa yake.

Na mimi, ambaye nikila nyama Jumapili mtaa mzima unajua kabla sijanawa, nilinyamaza. Sikumwambia hata mama yangu. Nilijiona mtu mzima.

Leo mchana barua pepe imefika. Nilikuwa nimekaa na Kandida, amevaa lile koti lake alilonunua mitumbani kwa ajili ya theluji. Tuliisoma pamoja, kisha akaisoma tena peke yake, polepole, kidole kwenye kioo. Wanasema walimwomba mwenzao aliyeko Dar es Salaam apige simu huku Songea kuhakikisha kama Kandida bado yuko tayari. Akajibiwa na ndugu yake kwamba ameolewa na hana safari yoyote. Wanampa hongera ya ndoa. Nafasi yake wamempa mtu mwingine, na huyo mwingine ameshakatiwa tiketi.

Wanampa hongera.

Nilijibu palepale, kwa Kiingereza changu chote, kwamba hakuna ndoa, hakuna mume, ni makosa. Majibu yalirudi kabla umeme haujakatika. Wanasikitika. Nafasi zimejaa.

Kandida hakulia. Alilikunja koti akaliweka magotini. Kwenye maombi yake tuliandika namba mbili, ya shangazi na ya kwangu, maana yeye mwenyewe hana simu.

"Simu yako haikuita?" akaniuliza.

"Ingeita nisingekuambia?"

"Basi ni shangazi." Akalikunja koti upya. "Alikuwa hataki niende. Aliniambia, nani atamchotea maji."

Akaondoka bila kuniita balozi.

Nilidhani siku imeishia hapo. Lakini jioni, nafunika kompyuta, nikamwona shangazi mwenyewe mlangoni, kanga mbili kwa baridi, anahema. Ametembea kutoka Mjimwema.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba." Akafungua pindo la kanga, akatoa simu yake iliyofungwa mpira wa baiskeli ili betri isidondoke. "Wewe ndiye unayejua mambo haya. Hebu nitazamie. Kandida anasema nilipigiwa simu nikamharibia. Anafungasha vitu, anataka kuhamia kwa rafiki yake Mshangano. Mimi sikumbuki kuongea na mtu. Lakini nimeshazeeka, labda niliongea nikasahau. Labda kwa kuzoea kuwaambia watu hakuna safari, nikamwambia na huyo."

Niliichukua. Nikabonyeza mpaka kwenye simu zilizoingia. Zilikuwa chache: paroko, mteja wa togwa, Kandida akitumia simu yangu. Hakuna namba ngeni hata moja.

Alikuwa ananitazama mikono kama mtu anayemtazama daktari.

"Namba za zamani zinajifuta, shangazi," nikamwambia. "Hapa haiwezekani kujua."

"Kumbe." Akaifunga tena kwa ule mpira. "Basi itakuwa ni mimi."

Akaniaga vizuri tu. Akanishukuru.

Ninaandika haya nimejifungia ndani ya kafe, mwenye kafe anadhani nafanya usafi. Sijui nani anasoma blogu hii. Kandida hasomi, anasema ni majigambo matupu. Ana haki. Lakini hii moja siyo majigambo, na sijui niiandike namna gani ili isiniume, kwa hiyo naiandika ilivyokuwa.

Wiki iliyopita, nilipokuwa nakula chipsi hapo nje, simu yangu iliita. Namba ngeni, sauti ya mwanaume, Kiswahili cha mjini.

"Namuulizia Kandida. Nasikia anasafiri kwenda Ujerumani?"

"Nani kakwambia?"

"Wenyeji wake. Nataka kuhakikisha tu."

Mpelelezi, nikajisemea. Kuna mtu Mjimwema kashtukia lile sanduku. Nikajiona nimempata.

"Kaka, hakuna safari hapa. Kandida kaolewa Tunduru, yuko shambani kwa mumewe wanapalilia mikorosho."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Ndugu kabisa. Kabati la harusi nililibeba mimi, mpaka leo mgongo unauma."

Akacheka, akashukuru, akakata. Nikamalizia chipsi zangu nikiwa na raha, nikijiambia kwamba nimeilinda safari ya dada yangu kama mwanaume.

Leo, tulipolifikia lile neno la ndoa, nilijua. Aliponiuliza kama simu yangu iliita, nilijua. Shangazi aliponipa simu yake, nilijua kabla sijabonyeza.

Kesho asubuhi natakiwa kupanda Mjimwema kabla Kandida hajabeba vitu vyake. Nitasema shikamoo. Baada ya shikamoo sijui.

Simu iliita kwangu. Niliyejibu ni mimi.